Koti Tulilokuwekea

Kijiji cha Busunzu,
Kibondo,
5 Agosti, 1973.

Mpendwa shemeji yangu Philemon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Korogwe? Kile kidole ulichoandika kwamba kilikatwa na mkonge kimepona? Mama yako ananiuliza kila jioni, nami kila jioni namwambia kimepona, kwa hiyo nakuomba kiwe kimepona kweli.

Sisi hatujambo. Baridi ya kiangazi imekuwa kali mwaka huu, asubuhi ukungu haupandi mpaka saa tatu. Mama anakohoa kidogo lakini anakula. Tharsisi mdogo ameota tena meno ya mbele, naye Winifrida yuko darasa la pili na anasoma kwa sauti mpaka kuku wanakimbia. Babu Tharsisi anatembea vizuri kwa fimbo yake. Tumekwisha kuhamia kwenye mstari wa nyumba mpya kando ya barabara, kama wote. Nyumba yetu ni ya nne ukitokea upande wa Kasulu. Nimeezeka nyasi mpya, na Mzee Abbasi wa dukani alitupa misumari ya mlango.

Maharage tumevuna. Si mengi, lakini yanatosha sisi na mbegu.

Shemeji, leo nina neno la kukueleza, na nimechelewa wiki nzima kushika kalamu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Ni juu ya koti la marehemu ndugu yako. Halipo tena. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika, kisha ukiona unayo haki ya kukasirika, kasirika, nitapokea.

Unalifahamu koti hilo kuliko mimi. Ni lile zito la kaki, ambalo ulimchagulia wewe mwenyewe mlipokuwa wote huko kwenye mkonge, akarudi nalo nyumbani akiwa amelivaa juani, jasho linamtiririka, hataki kulivua mpaka kila mtu alione. Mfuko wa kulia alikuwa anatia karanga. Winifrida alipokuwa mdogo walikuwa wakienda naye mnadani, mkono wake ukiwa ndani ya mfuko ule njia nzima, na karanga zilikuwa zinakwisha kabla hawajafika darajani. Cleophas alikuwa anajifanya hajui. Alikuwa anasema, "Mfuko huu una panya," na mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Alipofariki, Mama na Babu Tharsisi walisema koti liwekwe, asilivae mtu, mpaka wewe uje uvikwe siku ya kuanua matanga. Nililikunja, nikaliweka katika sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini ili mende wasije wakalila. Limekaa humo mwaka mmoja na miezi minne. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikuwa nalitoa na kulianika.

Sasa nikueleze la shuleni.

Unajua kwamba tangu mwaka jana watu wa Burundi wamekuwa wakivuka kuja kwetu. Wiki moja baada ya Sabasaba walifika wengine wengi Kibondo, wakawekwa kwanza katika ghala moja karibu na maofisi, wakingoja malori ya kuwapeleka upande wa Tabora. Shuleni kwetu yuko mwalimu mgeni, Mwalimu Mwanaamina, binti wa Pangani, amekuja mwezi wa kwanza. Ni mwalimu mpole na watoto wanampenda, ila mambo ya kwetu bado hajayajua yote. Ijumaa aliwaambia watoto mstarini kwamba Jumatatu kila mmoja alete kitu cha kuwasaidia wageni hawa: unga kidogo, maharage, au nguo ambayo nyumbani haivaliwi tena.

Basi Jumatatu watoto wakaenda. Shemeji, wewe umezaliwa hapa, unajua mtoto wa hapa anapoambiwa peleka unga na maharage mahali, anajua kuna nini mahali hapo. Kila mtoto alibeba ukuni mmoja kichwani juu ya kile alichopewa nyumbani. Wasichana wamejifunga kanga kiunoni. Hakuna aliyecheza njiani. Waliingia uwanjani kimya, wakaweka kuni chini karibu na ofisi, wakakaa chini upande mmoja wavulana, upande mmoja wasichana, wanangoja.

Mwalimu Mwanaamina alitoka na kengele mkononi akawakuta hivyo. Alinisimulia mwenyewe. Akauliza, "Mbona hamsemi?" Kimya. Kisha mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaanza kulia, akamwuliza, "Mwalimu, ni mume wako?" Walidhani amefiwa. Walikuwa wamekwisha kushauriana njiani nani amekufa, wengine wakasema ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alipotokea akiendesha baisikeli yake, watoto wawili walikimbia.

Mwalimu alicheka, halafu anasema alijisikia vibaya kwa kucheka. Akawaketisha akawaeleza kwamba hakuna msiba. Watu wale ni wazima, wamepotelewa na nyumba zao tu, nao wanahitaji chakula na nguo. Lakini huwezi kuondoa jambo katika kichwa cha mtoto kwa mara moja. Hilali, mjukuu wa Mzee Abbasi, alileta kiatu kimoja kizuri cha ngozi. Mwalimu akamwuliza, "Na cha pili?" Akajibu, "Cha pili changu. Mimi kimoja, na yeye kimoja." Mzee Abbasi alipopata habari alikuja shuleni na kiatu cha pili mkononi, anamwambia mjukuu wake mbele ya watu, "Wewe bwana mkubwa, umegawa vizuri, sasa tembea peku ujue ulivyogawa." Watu walicheka, lakini Mwalimu anasema alimwona Mzee Abbasi akimshika mtoto kichwa walipokuwa wanaondoka.

Winifrida siku ile alipeleka kibaba cha maharage nilichompa mimi. Jumanne alitoka mapema kidogo. Sikuangalia amebeba nini, nilikuwa nakamua mbuzi.

Jumamosi nikafungua sanduku ili nianike nguo. Koti halipo. Nilitoa kila kitu, nikainamisha sanduku kama mtu anayetafuta sindano. Nikajua ni mwizi. Winifrida alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, akaniangalia, akasema pole pole bila hofu yoyote:

"Koti limeshakwenda, mama."

"Limekwenda wapi?"

"Kwa wakimbizi. Nilimpa mwalimu."

Yeye akaendelea kuchambua. Akasema, "Usihofu. Litarudi na mtu."

Nilikaa chini. Nikamwambia anieleze, naye akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Baba mkwe alipofariki, Winifrida alikuwa na miaka mitano. Aliona jinsi babu yake alivyozikwa, na siku ya kuanua matanga ndugu wa babu huyo, Tharsisi, akavikwa kofia na akapewa fimbo, na sisi wakubwa tukamshika mkono tukamwambia, "Msalimie babu yako." Na kweli tangu siku ile tunamwita Babu, anakaa katika kiti kile kile, na anatugombeza kwa maneno yale yale. Mtoto akafahamu kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika. Kofia ikivaliwa, babu anarudi. Na baba yake alipokufa, mimi mwenyewe, shemeji, nilimwambia kwa kinywa changu, "Usilie. Baba mdogo atakuja, atavaa koti la baba, na utakuwa na baba."

Nikamwuliza, "Sasa kama ni koti la baba mdogo, kwa nini umelitoa?"

Akasema, "Baba mdogo haji."

Sikuandikii neno hili ili likuume. Najua kazi ya mkonge na najua likizo hailetwi na moyo wa mtu. Lakini nimeona vibaya kukuficha. Alisema, "Baba mdogo haji, na wale hawana koti na hawana nyumba. Atakayelivaa atakuja kukaa kwetu." Na mwalimu alipomwuliza siku ile kama mama anajua, alijibu, "Baba halivai." Mwalimu akaandika jina lake na kumshukuru. Hakukuwa na uongo ndani yake.

Nilikwenda kumweleza Mama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu hajaanuliwa matanga, na nguo yake iko mgongoni mwa mtu nisiyemjua. Nenda ukailete." Babu Tharsisi akasema malori yanaondoka Jumatatu, kwa hiyo niende kesho yake, hata kama ni Jumapili.

Tulipanda lori la maharage la Mzee Abbasi, mimi na Winifrida na Mwalimu Mwanaamina, ambaye alikuwa amejua habari na hakulala. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Dada Veronica, laiti ningeuliza zaidi." Nikamwambia angeulizaje jambo ambalo hata sisi hatulisemi, tunalifanya tu. Winifrida alikuwa juu ya magunia, ameoga, amejipaka mafuta, amevaa gauni lake la Krismasi. Alikuwa anakwenda kumpokea mtu. Nilimwona nikageuza uso.

Ghalani kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyodhani. Akina mama wanapika nje kwa mafiga, watoto wamejifunika magunia. Tuliuliza, tukaelekezwa nyuma, penye jua. Alikuwa mzee, mkubwa kuliko Babu Tharsisi labda, anaitwa Barnabe. Koti lilikuwa mwilini mwake. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwake, viganja vyake vimetoka nje vyote. Lilikuwa linapumua, shemeji.

Winifrida alimwendea moja kwa moja. Alimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia, kwa maana lugha yao na yetu ni watoto wa tumbo moja. Mtoto akasimama mbele yake akamtazama kuanzia miguu mpaka kichwa. Kisha akamwuliza, "Unajua jina langu?"

Mzee akasema, "Sijui, mwanangu. Niambie."

Hakumwambia. Alirudi kwangu akanishika kanga, akaninong'oneza, "Labda koti bado halijamzoea."

Mimi nikamweleza mzee habari yote. Nilisema koti ni la marehemu mume wangu, limewekwa kwa ajili ya ndugu yake, matanga bado, na mtoto alilitoa kwa kutofahamu. Sikuhitaji kusema sana. Nilipofika kwenye "matanga bado" alikuwa amekwisha kuanza kufungua vifungo. Kwao ni kama kwetu. Alisema, "Ningejua nisingelitia mkono. Mimi sina haki ya kukaa mahali pa mtoto wa watu." Akalivua, akalikunja vizuri, mikono ndani, kama ninavyolikunja mimi, akanipa kwa mikono miwili. Ndani alikuwa na gunia lililotobolewa mahali pa kichwa. Chini ya gunia, hakuna kitu. Ilikuwa kama saa nne, baridi bado iko kwenye kuta.

Nikamwuliza kama anao watu wake hapo. Akasema, "Tulikuwa saba tulipotoka."

Koti lilikuwa mikononi mwangu na lilikuwa na joto. Tangu Cleophas afariki nimelishika mara nyingi na lilikuwa baridi kila mara. Nilifikiri juu ya Mama, nilifikiri juu yako. Nikamwambia, "Baba, vaa." Akakataa. Akasema hawezi kuvaa matanga ya watu. Nikamwambia, "Huvikwi mahali pa mtu. Unavaa kwa sababu ya baridi tu. Mimi mjane wa mwenye koti ndiye ninayesema." Mwalimu Mwanaamina alikuwa analia waziwazi. Mzee akaingiza mkono mmoja, na mkono wa pili nikamsaidia mimi.

Ndiyo habari yenyewe, shemeji. Sikuibiwa, wala halikupotea. Nililiona, nililishika, nikaliacha. Kosa la kwanza ni la mtoto, lakini hili la pili ni langu, nami sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Kurudi tulitembea kipande kirefu kwa sababu lori lilikuwa linapakia. Mwalimu akatangulia mbele, akatuacha. Mtoto akauliza, "Tumemwacha kwa nini? Angekuja nasi, koti lingemzoea nyumbani."

Nikamketisha kando ya barabara. Nilimwambia yale ambayo sikupata kumwambia tangu siku ya maziko. Nilimwambia koti ni nguo. Baba hayumo ndani yake. Akivaa mzee Barnabe atabaki mzee Barnabe, na hata baba mdogo akivaa atabaki baba mdogo. Atatulinda, atakaa penye kiti cha baba, lakini baba yake Cleophas hatakuja tena kwa nguo yoyote.

Akaniuliza, "Na babu?"

Nikasema, "Babu yule wa kwanza naye hakurudi. Huyu ni ndugu yake."

Akasema, "Sasa kwa nini mlituambia?"

Nikamwambia tulikosea, tulitaka watoto wasilie. Hapo ndipo alipolia. Shemeji, mwaka mmoja na miezi minne mtoto huyu hakulia, nasi tulikuwa tunamsifu kwa majirani kwamba ana moyo mkubwa. Kumbe alikuwa anangoja. Alilia mpaka lori likatukuta pale, na dereva, kijana mmoja Venanti, akazima mtambo akangoja bila kupiga honi.

Nyumbani nilimwambia Mama yote, nimepiga magoti. Alikoroga uji wake mpaka ukapoa. Kisha akauliza, "Linamtosha?"

Nikasema, "Mikono mifupi."

Akasema, "Cleophas yeye mikono ilimpita urefu. Koti hilo halijapata kumtosha mtu." Akachukua uji wake akanywa.

Babu Tharsisi ndiye aliyesema sana, kama ujuavyo. Alisema watoto wa siku hizi watagawa hata nyumba tukiwa tumelala ndani. Lakini alipomaliza kugomba alisema amepata kuona matanga yakianuliwa kwa jembe, na jembe la Cleophas lipo, mpini ni ule ule. Alisema, "Mwandikie aje ashike jembe." Mama akadakia, "Aje hata na singlendi tu mwilini. Mimi nataka mtoto, nguo tutatafuta."

Kwa hiyo, shemeji, wamepanga iwe mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza na watu hawajaingia mashambani. Mimi sikuandikii ili nikufunge. Kuhusu mimi mwenyewe huna haja ya kuwa na wasiwasi. Nyumba ninaiweza, na Mama anajua kwamba sitaki kurithiwa, wala hanilazimishi. Huko una kazi yako, na labda una watu wako ambao hujatueleza. Ninachokuomba ni kimoja. Kama unakuja, sema unakuja. Kama huwezi, sema huwezi. Na jibu hilo usiniandikie mimi wala Mama. Mwandikie Winifrida, kwa herufi kubwa, jina lake juu ya bahasha, bahasha ipitie shuleni kwa Mwalimu Mwanaamina. Anaweza kusoma mwenyewe. Sitaki tena mtu mzima amsomee mtoto huyu jambo kwa kulilainisha, hata mimi. Ukimwambia kweli ataipokea, nimemwona.

Malori yaliondoka Jumatatu kama ilivyosemwa. Yalipita barabara kuu hapa kwetu kwenye saa tano, watoto wakiwa mapumzikoni. Mwalimu aliwaruhusu wasimame kando. Wanasema watu walikuwa wengi mno, huwezi kumtambua mmoja. Winifrida aliniambia aliwapungia wote.

Wanakusalimu: Mama, anasema usikae na maji ya mkonge mikononi usiku, Babu Tharsisi, anasema fimbo inakungoja, Winifrida na Tharsisi mdogo, wanaokuita baba mdogo, Josephina wa Muyama, dada yenu, ambaye alipita hapa mwezi jana akiwa mzima, Mzee Abbasi na nyumba yake, na Mwalimu Mwanaamina, ambaye anasema ukifika Pangani siku moja uwaambie wazazi wake kwamba huku anatunzwa. Nisalimie wote mnaokaa nao kambini, hasa watu wa kwetu.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe usingizi mzuri baada ya kusoma haya.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,

Veronica

Tukumbuke, shemeji. Hata siku ambazo huna la kuandika, tukumbuke tu.